Bega la Mvuvi: Kabla Hujakubali Kisu

Mvuvi wa Nyakato, Musoma, akiumia bega, ushauri humfikia kabla ya daktari. Mmoja atamwambia likandwe kwa maji ya moto yenye chumvi. Mwingine atamwelekeza kwa mzee anayevuta viungo. Wa tatu atamsimulia habari za jamaa aliyekwenda Mwanza akapasuliwa na mpaka leo hawezi kuinua ndoo. Wote wana nia njema, na karibu wote wanazungumza kabla ya mtu yeyote kujua ni kitu gani hasa kimeumia ndani ya bega hilo.

Mwongozo huu ni wako wewe unayekula kwa mkono wako: unayepiga kasia, unayevuta nyavu za dagaa usiku kucha, unayeshusha mizigo pale Mwigobero. Hauchukui nafasi ya daktari. Nia yangu ni kwamba ukikaa mbele yake ujue anachokuuliza, na wewe ujue cha kumuuliza.

Neno langu la msingi nilitoe mapema. Upasuaji wa bega wenyewe kwa kawaida ni kazi ya saa moja au mbili. Kinachoamua kama utakufaa ni aina ya jeraha, umri wako na kazi yako, pamoja na miezi itakayofuata ambayo hutagusa kasia. Mtu anayekubali kisu bila kuipanga miezi hiyo amekubali nusu tu ya tiba, na nusu hiyo peke yake mara nyingi haimponyi.

Bega ndiyo maungio yenye uhuru mkubwa kuliko yote mwilini, na uhuru huo una gharama. Kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa kwenye kikombe kifupi mno, kama yai lililowekwa juu ya kijiko. Kinachokizuia kisidondoke ni ukingo wa gegedu unaozunguka kikombe, kano zinazofunga mifupa, na misuli minne midogo inayoshika kichwa hicho kutoka mbele, juu na nyuma. Unapopiga kasia, misuli hiyo minne inafanya kazi kwa kila pigo. Unapovuta wavu uliojaa, huku mtumbwi unapanda na kushuka, inafanya kazi zaidi. Na kuna hali moja ambayo bega huwa hatarini kuliko nyingine zote: mkono umeinuliwa usawa wa sikio na umegeuziwa nje na nyuma, kama unapotaka kurusha kamba. Wimbi likiupiga mtumbwi wakati huo, au kamba ikivutwa ghafla, kichwa cha mfupa hutokea mbele.

Duniani, miongoni mwa watu wa majini walioandikwa sana kwa maumivu ya bega ni wanaoteleza juu ya mawimbi kwa ubao, kule Hawaii na Australia. Waliowachunguza waliona kwamba karibu nusu ya muda wao majini wanakuwa wamelala kifudifudi wakipiga maji kwa mikono, na kuteleza kwenyewe ni dakika chache. Mengi yaliyojulikana kutokana na mabega yao yanakufaa hata wewe wa Ziwa Victoria. Ila wengi wao wakiumia wanakosa mchezo, na wewe ukiumia unakosa mgawo.

Siku yenyewe ya kuumia

Bega likibadilika umbo, pale palipokuwa duara pakawa pamebonyea na mkono ukagoma kurudi ubavuni, usimruhusu mtu kulivuta pale mwaloni. Ile njia ya kuweka kisigino kwapani na kuvuta mkono ni ya kale sana. Imo katika maandishi ya Kigiriki yanayohusishwa na Hippocrates, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Ubaya wake ni kwamba anayevuta hajui kama kuna mfupa uliovunjika. Mfupa uliovunjika ukivutwa unaweza kuchana mshipa wa damu au kuumiza mshipa wa fahamu unaopita karibu na kwapa. Funga mkono kwa khanga, uufunge ulivyo bila kuulazimisha, usile kitu njiani kwa sababu huenda ukahitaji dawa ya usingizi, kisha nenda hospitali.

Kwa mtu wa Musoma hospitali hiyo ni ile ya rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, pale Kwangwa, ambayo ujenzi wake ulisimama kwa miaka mingi kabla ya kufunguliwa. Ukifika, kabla hujaguswa, jipime mwenyewe mambo mawili na uyaseme. Gusa ngozi ya nje ya mkono, chini kidogo ya bega: je, ina ganzi? Chezesha vidole na kifundo cha mkono: je, vinatii? Ganzi hiyo ni dalili kwamba mshipa wa fahamu umeguswa, na ni muhimu iandikwe kwenye faili kabla ya bega kurudishwa. Mkono ukiwa wa baridi na umepauka, hiyo ni dharura. Piga kelele usikike.

Omba picha ya eksirei ipigwe kwa pande zaidi ya mmoja. Zipo mara chache ambapo bega hutokea kwa nyuma, hasa kwa mtu aliyeanguka kifafa au aliyepigwa na shoti ya umeme, na picha moja ya mbele inaweza kuonekana ya kawaida kabisa. Mtu anarudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu huku mfupa hauko mahali pake.

Wapo pia wanaokaa nyumbani na bega lililotoka, wakisubiri uvimbe upungue. Bega likipita wiki tatu hivi nje ya kikombe chake, kulirudisha kwa kuvuta kunakuwa kugumu na kwa hatari, na mara nyingi hapo ndipo upasuaji unakuwa wa lazima kwa mtu ambaye angepona bila huo. Ningependa jambo hili lisemwe kwenye kila mwalo, kwa sauti kubwa.

Kuhusu wazee wanaovuta viungo, siwadharau. Wanasaidia watu wengi wenye misuli iliyokaza, na wako karibu wakati hospitali iko mbali. Sisi wa upande huu wa ziwa si wageni wa tiba hata za kisu: majirani zetu Wakisii, ng'ambo ya mpaka, walikuwa na mafundi waliofungua fuvu la kichwa kumtibu mtu aliyeumizwa kichwani, na madaktari wa karne iliyopita waliwaandika. Ombi langu ni moja tu: picha itangulie mikono. Mzee mwenyewe hekima yake itamwambia hivyohivyo ukimweleza vizuri.

Bega linalotoka tena na tena

Hapa ndipo swali la upasuaji lina uzito wote, kwa hiyo nitakaa hapa.

Bega likitoka mara ya kwanza, mara nyingi ule ukingo wa gegedu wa mbele unabanduka kwenye mfupa. Daktari Mwingereza, Arthur Bankart, alilieleza jeraha hilo mwaka 1923, na mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Ukingo ukishabanduka, mlango umebaki wazi. Kama utapitiwa tena au la inategemea sana umri. Kijana aliye chini ya miaka 20 au mwanzoni mwa ishirini, anayefanya kazi za nguvu, uwezekano wa bega lake kutoka tena ni zaidi ya nusu. Mtu wa miaka 45 bega lake si rahisi kurudia, lakini ana balaa lingine: huyu mara nyingi anachanika kano za misuli minne ile, na watu hawagundui kwa sababu wameridhika kwamba mfupa umerudi.

Kwa hiyo kama una miaka 22, bega lako limeshatoka mara mbili au tatu, na unafanya kazi majini, mimi naegemea upande wa upasuaji. Kwa mtu wa ofisini sisemi hivyo, anaweza kuishi nalo kwa uangalifu. Wewe bega lako litatoka usiku, mbali na nchi kavu, labda wakati umeanguka majini na unahitaji mikono miwili kuushika mtumbwi. Mtu mwenye bega lililotoka haogelei. Hiyo ni sababu ya kutosha ya kulichukulia jambo hili kwa uzito kuliko maumivu yenyewe.

Kuna sababu nyingine. Kila mara bega linapotoka, mfupa unasuguana na mfupa, na ukingo wa kikombe unalika kidogo. Likitoka mara moja na mbili, daktari anaweza kushona ukingo wa gegedu urudi mahali pake. Likishatoka mara nyingi, mfupa uliobaki hautoshi, na mshono peke yake hautashika. Hapo kuna upasuaji mwingine ambao Mfaransa Michel Latarjet wa Lyon aliueleza mwaka 1954: kipande cha mfupa kutoka mbele ya bega kinakatwa pamoja na misuli iliyoshikamana nacho, kinahamishiwa kwenye ukingo uliolika na kufungwa kwa skrubu, ili kiwe kizuizi. Upasuaji huu unaweza kufanywa kwa mpasuo wa kawaida, bila kamera ya kuingizwa kwa matundu madogo, na kwa watu wa kazi nzito umejijengea jina. Lakini ni mkubwa, uko karibu na mishipa ya fahamu, na unataka mkono uliozoea. Muulize daktari bila kuona haya: "Samahani daktari, upasuaji wa aina hii huwa unaufanya wewe mwenyewe, au kuna mwenzako anayeufanya zaidi?" Daktari mzuri hakasiriki kwa swali hilo.

Ambaye bado hapaswi kukimbilia kisu ni mwenye kifafa kisichodhibitiwa. Degedege moja linaweza kuharibu kazi yote ya daktari. Dawa za kifafa zitangulie, zikae sawa, ndipo bega lishughulikiwe. Na mvuvi mwenye kifafa, hata bega lake likiwa zima, asiingie ziwani peke yake.

Vilevile wapo wachache ambao bega linalegea bila kuumia kokote, wengine wanaweza hata kulitoa na kulirudisha wenyewe wakitaka. Kwao mazoezi ndiyo tiba ya kwanza, na huwa ya muda mrefu.

Kano zilizochanika

Tenganisha watu wawili ambao wote wanalia "bega, bega".

Wa kwanza alianguka na bodaboda njia ya Bweri, au aliteleza na mzigo, akatua juu ya mkono. Tangu siku hiyo mkono hauinuki. Ukimwinulia mwenyewe unakwenda juu, ukiuachia unadondoka. Eksirei inasema mfupa mzima. Huyu asiambiwe akapumzike miezi mitatu aone. Kano iliyokatika kwa ajali huanza kujivuta nyuma, na misuli yake taratibu hugeuka mafuta. Mafuta hayo hayarudi kuwa misuli. Anahitaji kipimo cha ultrasaundi au MRI na kuonwa na daktari bingwa wa mifupa ndani ya wiki chache. Kama kushonwa kunafaa, kushonwa mapema kuna matokeo bora kuliko kushonwa baada ya mwaka.

Wa pili ana miaka 55 au 60. Hakuanguka. Bega lilianza kuuma polepole, linauma zaidi usiku akililalia, na akiinua mkono kuna sehemu katikati inayokata. Akipigwa picha anaambiwa kano imechanika, na neno "imechanika" linamtisha mpaka anauza ng'ombe. Asiuze bado. Watu wengi wenye zaidi ya miaka 60 wana kano zilizochanika bila hata kujua, kwa sababu zinalika na umri kama vile nywele zinavyopata mvi. Picha inaonyesha kilichopo. Kama hicho ndicho kinacholeta maumivu ni jambo la kupimwa kwa mikono. Mwaka 2013 madaktari wa Marekani walichapisha habari za wagonjwa zaidi ya 400 wa namna hii waliopewa mazoezi kwanza. Baada ya miaka miwili, waliokuwa wamechagua upasuaji hawakufika robo.

Kuna upasuaji mwingine uliokuwa ukifanywa sana Ulaya kwa bega la namna hii, wa kukwangua mfupa wa juu ili kano zipate nafasi. Uingereza na Ufini walifanya majaribio ya kweli: wagonjwa wengine walikwanguliwa, wengine waliingizwa kamera tu bila kukwanguliwa, bila kujua wako kundi gani. Majibu yalitoka karibu na mwaka 2018, na tofauti ya maana haikuonekana. Ukishauriwa kukwanguliwa mfupa peke yake kwa maumivu yasiyotokana na ajali, una haki ya kuomba maoni ya daktari wa pili.

Bega lililoganda ni habari fupi. Linakuwa gumu pande zote, hata mtu mwingine akikuinulia mkono haupandi. Linawapata sana wenye kisukari. Ukiwa nalo na hujawahi kupima sukari, kapime wiki hii. Linaweza kuchukua mwaka mmoja mpaka mitatu, na wengi hulegea bila kisu.

Sindano ya bega nayo isikudanganye. Inapunguza maumivu kwa wiki kadhaa, na wiki hizo zina thamani kubwa ukizitumia kufanya mazoezi. Ukizitumia kurudi kuvuta nyavu kwa nguvu zote, umezima king'ora na moto bado unawaka. Sindano za mara kwa mara hudhoofisha kano, na kwa mwenye kisukari sukari hupanda kwa siku kadhaa.

Miezi mitatu ya mazoezi, kwa kweli na si kwa jina

Wengi husema "mazoezi nilifanya, hayakusaidia." Ukiwauliza walifanya nini, wanakuonyesha kuzungusha mkono hewani mara tano asubuhi. Hayo hayatoshi.

Kata ukanda wa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, urefu wa mita moja hivi. Funga ncha moja kwenye nondo ya dirisha, usawa wa kiwiko. Simama ubavu wa bega zima ukielekea dirishani. Kunja khanga iwe kitita kidogo, kibane kati ya kiwiko cha mkono mbovu na mbavu; kitita kikidondoka ujue kiwiko kimetoroka. Kunja kiwiko kiwe pembe ya mraba, shika ncha ya mpira, kisha fungua mkono kuelekea nje polepole, ukihesabu mpaka tatu. Rudi polepole zaidi. Mara kumi, pumzika, mara kumi tena, pumzika, na mara kumi za mwisho. Geuka, fanya kwa upande wa ndani. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanaruhusiwa. Maumivu yanayokunyima usingizi usiku huo yanasema mpira ni mgumu mno, chukua mwembamba zaidi. Ongeza zoezi la kubana mabega nyuma ukiwa umeketi wima, na la kusukuma ukuta. Siku nyingi za wiki, kwa wiki 12. Mtaalamu wa fiziotherapia akuonyeshe mara ya kwanza na akukague kila baada ya wiki chache, kwani bega bovu hujifunza hila haraka: linainuka kwa shingo badala ya kuinuka lenyewe.

Baada ya wiki hizo una jibu lako mwenyewe, na daktari pia ana jibu. Kama umeimarika, endelea. Kama hali ni ileile na umefanya kwa uaminifu, unaingia kwenye mazungumzo ya upasuaji ukiwa na misuli yenye nguvu zaidi, na hilo litakusaidia upande wa pili wa kisu. Sharti hili la wiki 12 halimhusu yule aliyekatika kano kwa ajali, wala kijana ambaye bega linatoka kila mwezi.

Hesabu ya miezi

Keti na mwenzi wako, na ikiwezekana na tajiri wa mtumbwi, mpige hesabu kabla ya tarehe ya upasuaji kupangwa. Baada ya kushonwa ukingo wa bega au kano, mkono unakaa kwenye kamba ya shingoni wiki nne mpaka sita. Wakati huo huvai shati peke yako, huendeshi pikipiki, hulali ubavu ule. Kuanzia hapo mkono unaanza kusogezwa, kwanza kwa msaada. Nguvu zinaanza kurudishwa karibu na mwezi wa tatu. Kazi nzito, kama kuvuta nyavu na kupiga kasia kwa muda mrefu, kwa bega lililokuwa linatoka ni kati ya mwezi wa nne na wa sita. Kwa kano iliyoshonwa ni mwezi wa sita, na wengine wanafika mwaka. Mvuvi wa dagaa anaelewa hesabu hii vizuri zaidi akiihesabu kwa giza, yaani kile kipindi cha kila mwezi kisicho na mbalamwezi: ni giza sita ambazo hutapata mgawo.

Sasa uliza: giza hizo sita nyumbani kutaliwa nini? Ukiwa huna jibu, subiri mpaka ulipate, kwa sababu nimeona kwamba njaa ndiyo inayochana mishono. Mtu anarudi ziwani wiki ya nane, bega halimuumi, anajiona amepona. Kano inakuwa haijashikana na mfupa. Anaivuta, inaachia, na upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza. Zipo kazi za kujishikiza: kushona nyavu ukiwa umekaa, mikono ikiwa usawa wa tumbo, daktari akisharuhusu; kuandika mahesabu ya mtumbwi; kununua na kuuza dagaa huku mwingine akibeba. Panga hizo mapema na tajiri. Mwambie ukweli kuhusu muda, ili nafasi yako isichukuliwe kwa kudhani umeacha kazi.

Fedha nayo. Omba mchanganuo wa gharama kwa maandishi: kumwona daktari, vipimo, nusu kaputi, kitanda, dawa, fiziotherapia, na hasa vyuma na skrubu, maana hivyo ndivyo hupandisha bili ghafla. Kama una bima, ya NHIF au nyingine, uliza kama kifurushi chako kinagusa upasuaji huo na vyuma vyake, na kama kuna muda wa kusubiri. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023; fuatilia inavyokuhusu wewe usiye na mwajiri. Huna bima na huna uwezo? Kila hospitali ya rufaa ya serikali ina ofisi ya ustawi wa jamii. Nenda kabla hujalazwa. Kwenda baada ya bili kutoka ni kujiongezea mzunguko.

Wapi ufanyiwe? Anza Kwangwa, omba barua ya rufaa. Hatua ya kawaida inayofuata ni Bugando, Mwanza, safari ya basi ya saa chache kutoka Bweri kupitia Bunda, Lamadi na Magu. Upasuaji wa matundu madogo kwa kamera, au bega lililoshindikana kwingine, unaweza kukupeleka Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Usijione mnyonge ukipasuliwa kwa mpasuo wa kawaida badala ya matundu. Kwa jeraha linalofaa na mkono uliozoea, matokeo ni mazuri. Cha kuangalia zaidi ni umbali wa fiziotherapia. Bega lililoshonwa Dar na kufanyiwa mazoezi Musoma kila wiki litapona vizuri kuliko lililoshonwa Mwanza na kutoonwa tena na mtu.

Kabla hujaweka saini, muulize daktari maswali machache. Jeraha langu linaitwaje, na umelionaje? Nisipopasuliwa, bega hili litakuwaje baada ya miaka mitano? Ukinipasua, ni jambo gani baya linaweza kutokea? Atakutajia usaha, ganzi, bega kuwa gumu, bega kutoka tena, na hatari za dawa ya usingizi. Asiyekutajia lolote muulize tena. Mweleze kazi yako kwa vitendo: simama umwonyeshe unavyovuta wavu. "Mvuvi" ni neno tu kwenye fomu. Ukimwonyesha, anaona mkono unafika wapi na kwa nguvu gani. Kama unavuta sigara, sema pia, na uache wiki kadhaa kabla, maana moshi huchelewesha kano kushikana.

Kurudi majini

Kidonda kisiguse maji ya ziwa mpaka kifunge kabisa. Kikitoa usaha, kikivimba na kuwa chekundu, au ukipata homa, usisubiri tarehe ya kliniki.

Siku ya kurudi haipangwi na kalenda peke yake. Inua mikono yote miwili mbele ya mtu: inafika sawa? Vuta mpira ule wa dirishani: nguvu zinakaribiana? Sukuma sakafu mara kumi: bega linakaa? Ndipo uanze, mchana, karibu na ufukwe, maji yakiwa yametulia, ukiwa na boya la kuvaa na mwenzako mtumbwini. Anza kwa kasia fupi la dakika chache, badilisha upande mara nyingi, na vuta kwa kiuno na mgongo huku kiwiko kikibaki mbele ya mwili. Nyavu zisubiri wiki nyingine kadhaa, na ukirudi kwenye nyavu omba mahali ambapo huvuti mkono ukiwa juu ya kichwa. Kurusha kamba mwachie mwingine kwa giza mbili za kwanza.

Omba nakala ya karatasi ya upasuaji siku unayoruhusiwa, iliyoandikwa kilichofanyika na vyuma vilivyowekwa, pamoja na picha zako zote. Zihifadhi nyumbani kwenye mfuko wa plastiki, na mtu mmoja zaidi ajue zilipo. Bega likileta shida miaka mitatu baadaye na daktari wako amehamia mkoa mwingine, atakayekupokea ataanza kazi na karatasi hizo.